Shukrani kwa Ng'ombe Ambaye Hajafika

Jumamosi, 6 Machi 1993

Nimenunua kitabu mjini Kitale, kwa yule mama anayepanga vitabu vikuukuu juu ya gunia. Hakina jalada. Kurasa za mwisho zimechanwa, nadhani zilifungiwa njugu. Nimesoma sura tatu nikiwa nimeegemea baiskeli ya mteja niliyopaswa kuitengeneza. Maisha yangu yamebadilika! Kitabu kinasema mtu hupata kile anachokiona moyoni, na siri ni kushukuru kabla ya kupokea.

Mimi nahitaji ng'ombe mmoja tu. Baba mkwe, Mzee Mukhisa wa Bungoma, ametuma neno. Miaka tisa anangoja ng'ombe wa mwisho wa mahari. Asipomwona kufikia Pasaka, atamrudisha binti yake nyumbani. Nasimiyu ni mke mwema na sitaki aende. Nimefumba macho nikamwona ng'ombe. Mweusi, mabaka meupe, mnene.

Nasimiyu ameniuliza kama ninaumwa na jino.

Jumapili, 7 Machi

Wakati wa ushuhuda nilisimama nikamshukuru Mungu kwa ng'ombe aliyenipa. Kanisa lote la Kibomet likapiga makofi. Nasimiyu aliangalia viatu vyake.

Baada ya ibada Mchungaji Mathenge aliniuliza ng'ombe yuko wapi. Nikajibu kwamba yuko njiani. Nikamweleza habari za kitabu: fikra ni mbolea, sala ni mbegu, na mkulima mwenye akili hutia zote katika shimo moja. Akasema mkulima mwenye akili pia hulima. Akaongeza kwamba imani ni kumngoja Mungu, si kumtuma dukani. Mtu mzuri sana, ila amesoma kitabu kimoja tu.

Shida ndogo. Akina mama wameshapanga kuja Jumapili ijayo kumwombea ng'ombe na kunywa chai ya maziwa yake.

Jumanne, 9 Machi

Amefika! Jirani yangu Rotich amekwenda sehemu za Kwanza kupanda mahindi ya kaka yake, juma zima. Ameniomba nimtunzie ng'ombe wake, na maziwa ni yangu. Mweusi, mabaka meupe. Ni kweli ng'ombe huyu nimekuwa nikimwona juu ya ua kila asubuhi kwa miaka miwili, lakini hilo halipunguzi muujiza.

Rotich husali kwa Wakatoliki, kwa hiyo kanisani kwetu hakuna anayemjua ng'ombe wake. Nimemhamishia upande wetu, apate kutunzwa vizuri zaidi. Nasimiyu anasema kutunza si kumiliki. Nikamsomea sura ya pili, kwamba shaka ya mmoja huharibu baraka ya nyumba nzima. Akachukua panga, akasema anakwenda kumkatia majani ng'ombe wa Rotich. Alilikazia jina hilo.

Jumapili, 14 Machi

Mambo yameharibika. Nitaandika hivyo hivyo.

Kanisa lilikuja. Mchungaji aliweka mkono mgongoni mwa ng'ombe, akakiri mbele ya wote kwamba alinishuku bure. Nilifurahi kupita kiasi. Chai ikamiminwa.

Ndipo pikapu ikasimama nje. Mzee Mukhisa, ndugu zake wawili, na kamba mpya. Kumbe Jentrix, binamu ya Nasimiyu, alikuwa ibadani juma lililopita, na habari alizifikisha Bungoma kabla mimi sijavua tai. Mzee alimzunguka ng'ombe mara mbili, akamfungua mdomo akahesabu meno, kisha akanishika mkono. "Mkwe, nilikuwa nimekukasirikia bure. Leo nimefulahi sana, bana." Akaanza kufunga kamba.

Ningesema kweli, angemchukua Nasimiyu. Ningenyamaza, angemchukua ng'ombe. Nilitafuta jibu katika kitabu nikakumbuka zile kurasa za njugu. Nasimiyu alisimama mlangoni na birika, ananitazama, anangoja. Nikafungua kinywa. Kilichotoka ni "Asante Mungu."

Watu wakaitikia Amina. Ng'ombe wa Rotich akapakiwa.

Jumatatu, 15 Machi

Chai ya strungi, bila tone la maziwa. Nasimiyu aliiweka mezani akaniuliza, "Baba Nekesa, mahari yangu imemalizwa na ng'ombe ya nani?" Nikakohoa. "Ya Rotich, ama? Basi si mimi sasa ni bibi ya Rotich?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Amemchukua mtoto wetu Nekesa na sanduku, amekwenda Bungoma kumwambia baba yake ukweli. Ati kwa ndoa hii lazima kuwe na mmoja wa kuusema. Kuhusu ng'ombe, amesema baba yake amengoja miaka tisa na anaweza kungoja tena. Yeye atarudi siku nitakayokwenda mimi mwenyewe kusimama mbele ya mzee na kusema nilichofanya. Hilo tu.

Nitatafuta njia.

Jumatano, 17 Machi

Rotich alirudi jana. Leo amekwenda Bungoma na kurejea na ng'ombe wake. Mzee Mukhisa alimwomba radhi na kumpa jogoo. Mimi nimeletewa ile kamba.

Rotich hakunitukana. Alisema tu kwamba siku nyingine ng'ombe atamwachia padri. Nasimiyu amemtuma aniulize kama nina neno la kumwambia baba yake. Nikamwambia Rotich apeleke jibu kwamba ninamwona mke wangu amesharudi. Rotich alinitazama kwa huruma iliyoniudhi.

Ugali umeungua. Nyumba ni kimya, na kikombe chake kiko palepale kwenye msumari. Nimemkumbuka hadi nimekosa hamu ya kusoma.

Jumapili, 21 Machi

Mchungaji ameshapata habari yote. Alinishika bega kabla ya ibada, akaniambia nipande basi hadi Bungoma niseme maneno mawili: nilisema uongo. Kwamba toba ndiyo mlango, na uko wazi. Nililia kidogo. Kisha nikapima ushauri huo kwa kitabu nikaona una kasoro: unaanza na kushindwa.

Kwa hiyo wakati wa ushuhuda nilisimama nikamshukuru Mungu kwa mke wangu aliyerudi. Makofi mengi. Mchungaji alifumba macho, bila shaka kwa furaha. Akina mama wakauliza mbona hayupo. Nikasema yuko nyumbani anapika. Wanakuja Jumatano kumsalimia na kula kuku.

Nimeketi nikawaona kuku moyoni. Watatu, na jogoo. Rotich ana watatu, na yule jogoo wa Bungoma. Nimekwenda kumuuliza kama ana safari karibuni, nimtunzie. Amesema hapana. Kitabu kinasema hapana ni ndiyo iliyochelewa.

Nimetoa fito mbili kwenye ua, chini kabisa, na kumwaga mahindi kidogo upande wetu.