Uzinduzi Rasmi wa Asili ya Marundo ya Mawe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, waheshimiwa wajumbe, viongozi wetu wa dini, wazee wangu shikamooni (Wazee: Marahaba!), wafugaji, wafanyabiashara mliotoka Igoma na kreti zenu za soda, pamoja na Mama Gladness, ambaye mihogo yake tunaikanyaga hivi sasa kwa faida ya taifa: itifaki imezingatiwa.

Ndugu wananchi, miaka yote mmekuwa mkivuka kilima hiki kwenda mnadani Magu, mkiyaona marundo haya ya mawe bila kuwa na mkakati nayo. Ofisi yangu ya Mkuu wa Wilaya, baada ya mchakato shirikishi ulioishirikisha ofisi yangu, imebaini kwa asilimia tisini na nane kwamba haya ni makaburi ya watemi wa ustaarabu uliopotea. (Makofi. Mzee Masele: "Haujapotea, mheshimiwa, ndio sisi! Kila anayepita anatupa jiwe ili uchovu ubaki hapa!" Vicheko.)

Nakushukuru, mzee wangu, kwa mchango huo, ambao wataalamu wataufanyia maboresho. Ni kweli kwamba asubuhi hii, baada ya kupanda huku nikihema, nami nilitupa jiwe, tena kubwa, kulingana na cheo changu (vicheko), lakini lile lilikuwa la kitafiti.

Kwa hiyo, kuanzia leo ni marufuku kulima wala kuvuna kilimani hapa, kwa kuwa shamba la Mama Gladness lote linaingia kwenye Makumbusho ya Kimkakati, yenye lifti, ukumbi wa kimataifa na kiwanja cha helikopta. (Mama Gladness: "Baba, watoto wangu watakula helikopta?" Vicheko virefu. Mwenyekiti anatazama viatu vyake.)

Swali zuri, mama. Watakula matunda ya maendeleo. (Mama Gladness: "Yanaiva lini?") Katika ngazi ya fikra, mama, yameshaiva.

Mawe! (Juu!) Utalii! (Juu!) Mihogo! (Watu wote: Ya Mama Gladness!)

Namalizia kwa kuwashukuru wafadhili, ambao tutaanza kuwatafuta. Mkandarasi, ambaye atateuliwa. Wizara, ambayo bado hatujaiandikia. Na kwa namna ya pekee Mama Gladness, kwa kuupisha mradi ambao, kwa kuwa kwa sasa haupo mahali popote, hauwezi kisheria kumzuia mtu kung'oa mihogo yake. Asanteni.

(Vigelegele. Mheshimiwa anapunga mkono akidhani ni vyake. Mama Gladness ameshaingia shambani na jembe.)