Kwikwi Kwenye Kibanda cha Juisi

Jumatatu, 3 Februari
Mama mdogo Eusebia amenipa hadi Alhamisi. Niite wateja kwenye kibanda chake cha juisi hapa sokoni Cochabamba, la sivyo narudi kwa babu kuchunga nguruwe. Mimi, ambaye shuleni niliitikia jina kwa kuinua kidole! Lakini silaha ninayo. Mwalimu wa saikolojia alitufundisha: binadamu humtazama anayefaulu, akaamini naye anaweza, akaiga. Basi nimemkodolea macho Roxana wa kibanda jirani mchana kutwa. Kidevu juu, mkono kiunoni: “Njoo mpenzi, papai limekulilia usiku kucha!” Nimekariri. Imani ninayo tele.

Jumanne, 4 Februari
Kidevu juu. Mkono kiunoni. “Njoo mpenzi...” Niliyemwita alikuwa padri! Damu yote usoni. Kwikwi ikanishika, haikuniachia hadi jioni. Roxana akauliza kwa sauti, soko zima lisikie: “Shoga, siku hizi mnauza vyura?” Hakuna mteja. Mama mdogo amesema nguruwe angalau hawana haja ya kuitwa. Mwalimu hakutaja kwikwi. Labda alifundisha siku niliyougua.

Jumatano, 5 Februari
Kosa nimeliona. Sikuiga vya kutosha! Leo nimevaa hereni kubwa kama za Roxana, nikacheka kama yeye, kabla hata ya mzaha. Kwikwi mara mbili ya jana. Bibi mmoja mpita njia akachomoa uzi mwekundu kwenye shali yake, akaulowesha kwa mate, akanibandika kwenye paji la uso, eti ndiyo dawa ya kwikwi. Muuza nyama akasema huo ni upuuzi, binti abane pumzi. Mkewe akasema nitishwe. Wakabishana. Wakakaa. Wakaagiza juisi wapate kubishana vizuri. Benchi likajaa! Aibu gani hii. Sikumwita hata mmoja.

Alhamisi, 6 Februari
Benchi limejaa tena. Wamekuja kuuliza kama nimepona. Sijapona. Roxana naye kajibandika uzi mwekundu, anajilazimisha kwikwi, hakuna aliyegeuka. Mama mdogo amesema kazi ni yangu, ila nikithubutu kuita mteja atanifukuza. “Wewe kaa hapo, mwanangu, uwe mgonjwa tu.”

Ushindi! Ni kile kidevu, nina hakika. Nadharia imethibitika. Kwa hiyo nimeomba mstari wa mbele kwenye ngoma ya kanivali, na wamenipa. Sijawahi kucheza. Mazoezi ya nini? Mtaa wa pili kuna msichana anacheza vizuri ajabu. Kesho naenda kumtazama.