Mimi Ndiye Nguzo ya Kituo

Jumatatu, 2 Machi

Wengine Kwaresima hii wameacha nyama. Mimi nimeacha wivu. Leo siku ya kumi na tatu na sijamwonea mtu wivu hata kidogo.

Foleni ya Sosthenes asubuhi: watu ishirini na sita. Foleni yangu: wanne, na mmoja alikuwa anauliza choo kiko wapi. Sote ni matabibu, tumesoma chuo kimoja, milango yetu inatazamana. Yeye anawaamkia akina bibi kwa Kihehe, "kamwene," huku ameinama, nao wanamwita mwanangu. Mimi wananiita wewe. Simwonei wivu. Nimehesabu tu.

Habari kubwa! Imetoka nafasi ya tabibu Iringa mjini. Moja tu. Matilda, mke wangu, anafundisha huko, watoto wako huko, nyumba yetu iko huko. Mimi mwaka wa nne huu niko Kilolo na jiko langu la mkaa. Juzi nilipokwenda kuwasalimia, mtoto wetu mdogo alimuuliza mama yake kama mgeni atalala. Mgeni! Nafasi hii ni yangu. Shida ni kwamba Sosthenes naye ameiomba.

Jumanne, 3 Machi

Amekuja Ipyana, fundi wa kompyuta kutoka Mbeya. Kaleta mfumo mpya wa kugawa watumishi wa afya, unaitwa blokcheni. Anasema vituo vingi vinalia havina watu, kwingine wamejazana, na madaftari ya mahudhurio yanadanganya kwa sababu tunasainiana. Kuna mahali marehemu aliendelea kuingia zamu hadi Desemba.

Hii blokcheni ni daftari moja lenye nakala kila kituo, Iringa hadi Mbeya. Ukiandika hapa, limeandikwa kote. Hakuna kufuta, hakuna kuchana ukurasa. Kila mtu ataeleza kazi zake, mashahidi watatu watathibitisha, kisha mfumo wenyewe utapanga nani aende wapi. Hakuna cha mjomba wala shangazi.

Sosthenes aliuliza swali. Ipyana akasema ni swali zuri sana. Mimi niliuliza mawili, akasema tutayarudia. Hatukuyarudia.

Alhamisi, 5 Machi

Wakati wa chai nimechungulia simu ya Sosthenes. Kajieleza kwa mistari mitatu! Anatibu wagonjwa wa nje, anaelewana na wenzake, akiondoka wenzake wataweza. Chai nusura initoke puani. Huyu ndiye anataka mjini?

Mimi nimejaza kurasa mbili. Mimi ndiye nguzo ya kituo. Nazalisha, nashona majeraha, nawasha jenereta. (Niliiwasha mara moja, ikazima.) Kuna swali linauliza ukiondoka litabaki pengo gani. Nimejibu: kituo kitakufa. Nikasoma tena, nikaona haitoshi. Nikaongeza: ndani ya wiki.

Ijumaa, 6 Machi

Siku ya mashahidi. Edmund wa maabara nilimpelekea ulanzi. Akanikumbusha kwamba ameacha pombe hadi Pasaka. Nikamwambia ulanzi uliogemwa kwenye mianzi leo asubuhi bado ni juisi. Akamaliza dumu zima, akathibitisha hadi mambo ambayo sikuyaandika. Yusta, muuguzi, nilimpa maparachichi sita. Akasema anathibitisha kwa sababu nimemchosha, si kwa sababu ya maparachichi. Maparachichi alichukua.

Wa tatu alikosekana. Sosthenes akajitolea mwenyewe! Alisoma kurasa zote mbili, akasema sawa kaka, akabonyeza. Roho nzuri ya namna hii inaniudhi kuliko matusi.

Halafu naye akaniomba niwe shahidi wake. Shahidi anaruhusiwa kuongeza maoni. Nikaongeza: ni mtu mwema, ila kituo hakimhitaji, hata asipokuja mwezi mzima hakuna atakayegundua. Huo si wivu. Ni takwimu.

Jumatatu, 16 Machi

Majibu yametoka. Benedicta, mganga wetu mfawidhi, alituita kwenye kikao cha asubuhi. Mimi nilikwenda nikiwa nimeshafunga godoro kwa kamba.

Anayehamia Iringa mjini ni Sosthenes.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Benedicta akaeleza kwa upole kwamba mfumo haumng'oi mtu mahali ambapo wagonjwa watakosa huduma. Unamchukua yule anayeweza kuachiliwa, na Sosthenes anaweza kuachiliwa, shahidi wake kasema wazi. Anord, yaani mimi, ni nguzo, asiguswe. Akanisomea maneno yangu yote kwa sauti mbele ya watumishi. Wakapiga makofi! Mwisho nikakabidhiwa zamu zote za Sosthenes, pamoja na ufunguo wa jenereta.

Jumanne, 17 Machi

Nimempigia Ipyana, nikamwambia afute. Akasema hata yeye hawezi, maneno yangu yameshalala kwenye nakala zote. Naweza tu kuongeza sahihisho, likiwa na mashahidi watatu.

Nikaandika: mimi si nguzo, nilitia chumvi. Edmund akasema hawezi kukiri kwamba alithibitisha uongo, tena ndani ya Kwaresima. Yusta akaniuliza kama yale maparachichi yapo bado. Sosthenes nilimkuta anafunga mizigo. Akanishika bega, akasema nisijidharau kaka, kituo kinanitegemea. Nilitamani kumng'ata.

Mchana Matilda akapiga. Akasema, "Baba watoto, si ulisema hiyo nafasi ni yako? Imekuwaje tena?" Nikasema mfumo. Kisha akaniambia mtoto wetu mdogo ameshaondoa viatu vyake pale mlangoni ili vyangu vipate pa kukaa. Nilikwenda nyuma ya stoo ya dawa nikalia. Kwa dakika chache sikumwonea mtu wivu kweli.

Jumapili, 22 Machi

Matilda anasema Sosthenes amepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliwapelekea njegere. Jana akapanda juu ya bati kuziba panapovuja. Bati langu! Tangu mwaka juzi nilisema hilo tundu nitaliziba mimi. Watoto wanamwita baba mdogo.

Kwaresima yangu imevunjika rasmi. Nitaungama Alhamisi, nikipata nafasi kati ya wagonjwa arobaini.

Jumatatu, 30 Machi

Tumeletewa tabibu wa kuziba pengo la Sosthenes. Binti anaitwa Tusekile, katokea Tukuyu, Kihehe hajui hata neno moja. Aliripoti Alhamisi. Leo akina bibi wanamwita mwanangu! Foleni yake: thelathini na mmoja. Yangu: watatu, wote walikuwa wanamsubiri yeye.

Ila Mungu hamtupi mja wake. Imetoka nafasi nyingine Iringa mjini, na watumishi wote tunajaza upya. Nimempigia Matilda mara moja. Kaniambia, "Baba watoto, safari hii andika mistari miwili tu, na iwe ya kweli." Kasema mdogo anauliza nakuja lini. Nikamwapia. Nikafungua simu nikiwa na nia hiyo kabisa.

Kabla sijaanza, Tusekile akabisha hodi. Akaniamkia shikamoo, akasema hana mwenyeji hapa, akaniomba niwe shahidi wake. Nyuma yake bibi mmoja alikuwa amemshikia mkoba. Mkoba! Mimi miaka minne hajanishikia mtu hata kalamu.

Nimeanza na fomu yake. Nimeongeza maoni: ni binti mwenye adabu, lakini kituo hakimhitaji hata kidogo, kazi zote nazifanya mimi peke yangu. Nimebonyeza. Imeshaingia Iringa, imeshaingia Mbeya, hakuna wa kuifuta. Sasa tuone kati yetu wawili nani ataanza kufunga virago.