Malalamiko ya Babu Aliyezuiwa Kumbeba Kifungo

Chumba cha cherehani,
Uani.

Kwa Mheshimiwa Muuguzi, ambaye pia ni binti yangu wa kumzaa,
Chumba cha mbele.

YAH: KUZUIWA KUMBEBA MJUKUU WANGU KWA SABABU YA VUMBI

Mheshimiwa,

Sina haja ya kuuliza hali yako, maana nakusikia ukimwimbia mtoto ng'ambo ya ukuta. Mimi ni mzima kabisa, isipokuwa kikohozi kidogo ambacho, kama nilivyokwisha kueleza kwa mdomo, ni vumbi la vitambaa. Naandika kwa vile umepiga marufuku mazungumzo ya karibu.

Tangu ulipokuja kupumzika kwetu na mwanao mchanga, ambaye nimempachika jina la Kifungo kwa udogo wake, nyumba niliyoijenga kwa jasho langu imepata serikali mpya. Sina ugomvi na serikali. Nina malalamiko tu, nayo ni haya:

1. Nimehamishiwa uani, mimi na godoro langu. Chakula changu kinaachwa kizingitini. Mama yako anagonga mlango na kutimua mbio. Mwanamke huyo hajawahi kunikimbia tangu tuoane, hata siku nilizostahili kukimbiwa.

2. Umenikataza kulowesha ncha ya uzi kwa mate. Mheshimiwa, ni fundi gani anayetunga sindano kwa uzi mkavu? Kwa mate hayo hayo nilishona sare zako za shule, na hata hiyo ya uuguzi unayonitishia nayo. Sasa umeniletea kibakuli cha maji, kana kwamba nafuga kuku.

3. Barakoa. Wakati wa ule ugonjwa mkubwa, mimi ndiye niliyeushonea mtaa mzima. Niliwaapia wateja kwamba kwa mshono wangu hata chafya ya ng'ombe haipenyi. Leo umenivalisha moja ya hizo hizo, na ndiyo kwanza nagundua kwamba nilikuwa nasema kweli. Ningejua zitanirudia, ningelegeza mshono.

4. Mama yako alikwenda kuchanjwa mafua, akadungwa mara moja tu, na sasa anambeba Kifungo asubuhi na jioni huku akinitazama kwa maringo. Mimi sikwenda, nilikuwa na suti ya bwana harusi mkononi. Lakini mimi nadungwa na sindano kila siku ya kazi, miaka nenda miaka rudi. Kama kudungwa ndiko kunakomkinga mtu, basi hapa nyumbani hakuna aliyekingwa kama mimi. Naomba nitambuliwe rasmi.

5. Jirani yetu, mama muuza mkaa, anakohoa kunizidi, na yeye pia ameshasema ni vumbi. Mjukuu wake yuko mgongoni kwake kutwa, na binti yake hajatunga sheria hata moja. Hayo ndiyo naita malezi. Nenda ukajifunze.

6. Nimemchunguza Kifungo kupitia dirisha ulilotuamuru tuliache wazi. Anapiga chafya bila kujiziba kwa kiwiko. Hanawi mikono, na mikono yenyewe anaila. Juzi alimpigia mama yako chafya usoni, na mama yako, badala ya kutimua mbio, akambusu. Barakoa hana. Kwa sheria zako mwenyewe, mtoto huyu ni mkosaji sugu. Kwa hiyo siombi tena nirudishwe ndani. Naomba haki itendeke: na yeye aletwe huku uani, tufungiwe pamoja. Nimeshamtandikia sanduku la vitambaa laini.

Mheshimiwa, nimeshonea watoto wa watu nguo za kila kipimo. Huyu wangu bado sijui hata uzito wake. Inaniuma, na sioni sababu ya kuficha.

Nisalimie mama yako, mkwe wangu akipiga simu, na wote walio na ruhusa ya kuingia chumba cha mbele.

Wako mtiifu, kwa shingo upande,
Baba yako,
Fundi.

Nakala: Mama yako, akiacha kukimbia.

BAADA YA SAHIHI (hili nimeliandika juu ya bahasha, ulisome kwanza):

Mwanangu, usifungue. Nilikuwa nafunga bahasha hii binti wa mama muuza mkaa alipopita hapa analia. Mtoto wao amelazwa, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, wamemwekea mpira wa hewa puani. Bibi yake amekaa nje ya wodi, bado anamwambia kila anayepita kwamba lile lilikuwa vumbi.

Nina homa tangu jana. Vumbi halileti homa, hilo hata fundi analijua. Barua hii nimeipigia chafya mara kadhaa, iache hapo hapo kizingitini, haina la maana. Kile kigauni cha manjano nilichomtumia Kifungo, uzi wake niliulowesha kwa mate. Kifueni kwa maji ya moto na kukipiga pasi kabla hajakigusa.

Mlango wa mbele ufungwe, hata nikibembeleza. Nitabembeleza, najijua. Ila pazia la lile dirisha msilishushe.