Hotuba ya Mkurugenzi Pyo Akizindua Juzuu Nne za Insha za Profesa Ok

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Geumok, uliyetutumia salamu kwa sababu uko kwenye uzinduzi mwingine. Mheshimiwa Naibu wake, uliyefika ukapigwa picha ukaondoka. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, ambaye kiti chako tunakiona na tunakiheshimu. Kamanda wa Zimamoto. Mwenyekiti wa Ushirika wa Wakulima wa Persimoni. Mama Mlezi wa Kwaya ya Wastaafu. Wazee wetu mliokaa mbele kwa sababu ya umri na vijana mliokaa nyuma kwa sababu ya simu. Ndugu wanahabari, yaani ndugu Hwang peke yake. Wageni mlioalikwa na wageni mliofuata harufu ya supu ya mifupa kutoka jikoni. Na zaidi ya wote, mgeni wa moyo wangu, Profesa Ok Chi-hwan, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, pamoja na mkewe Bi Maeng Sun-rye: itifaki imezingatiwa!

(Makofi. Shada moja la maua, lile la ghorofa tatu lililotumwa na Ushirika, linaangukia shada la Zimamoto. Linasimamishwa.)

Mimi, Pyo Gwang-deok, Mkurugenzi Mtendaji wa Taasisi ya Kukuza Fikra Wilayani, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha ambayo daktari wangu amenikataza. Mnaiona meza hii? Mnakiona kitambaa hiki chekundu kilichofunika kitu chenye umbo la kitu? Mnauona utepe, mnaona glavu nyeupe, mnaona mkasi? Ndugu zangu, leo historia itakatwa utepe!

(Makofi. Bi Maeng, mstari wa mbele: "Kitabu kiko wapi?")

Swali zuri, mama, na limepokelewa. Miaka sita iliyopita fikra katika wilaya hii zilikuwa zimezagaa kama majani ya kabichi siku ya kutengeneza achari ya kimchi. Profesa wetu huyu alikuwa ameandika insha kwa zaidi ya nusu karne, siasa huku, mazingira kule, fasihi pale, hulka ya binadamu popote alipomwona binadamu, na zote zilitoka katika majarida madogo ambayo yalikufa moja baada ya jingine, mengine yakifa kwenye toleo la kwanza. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba hana tamaa nyingine duniani ila kuziona zimekaa pamoja ndani ya jalada moja, alishike mkononi kabla hajafumba macho. Nikamwambia: Profesa, jalada moja ni dharau. Mimi nitakupa manne!

(Makofi. Profesa Ok anainamisha kichwa. Bi Maeng: "Lete hilo moja tu, baba. Hayo matatu tumekusamehe.")

Naomba mchango wa mama uingie kwenye kumbukumbu. Basi taasisi yangu haikulala. Tulifanya upembuzi yakinifu, tukaandaa mpango mkakati, tukashirikisha wadau, tukawajengea wadau uwezo wa kushirikishwa, kisha tukaendesha semina elekezi kuhusu namna bora ya kuendesha semina elekezi. Juzuu ya kwanza, Siasa, itachambua siasa kwa kina kirefu bila kumgusa mwanasiasa hata mmoja, jambo ambalo tumelihakikisha kwa kuunda kamati, iliyounda kamati ndogo, iliyounda kikosi kazi, ambacho kimeomba muda. Juzuu ya pili, Mazingira: bango lake mmeliona barabarani, lile lililo pana kuliko shule ya msingi, na wale mnaouliza misonobari ya pale ilikwenda wapi, jibu ni kwamba misonobari ilikuwa inaziba neno "mazingira." (Kicheko. Kikohozi kwenye viti vya Idara ya Misitu.) Juzuu ya tatu, Fasihi, imeboreshwa kwa shairi langu binafsi kuhusu mvua, ambalo mke wangu amelisikiliza mpaka mwisho. Na juzuu ya nne, Hulka ya Binadamu, ilidai utafiti wa uwandani, kwa hiyo kamati nzima ilisafiri mpaka kisiwa cha Jeju, ikakaa ufukweni ikimtazama binadamu, na binadamu, nawahakikishia, tulimwona. Alikuwa anakula samaki wabichi.

(Sauti kutoka nyuma: "Binadamu mwenyewe ni wewe, Mkurugenzi! Picha tuliziona!" Kicheko.)

Huo unaitwa utafiti shirikishi, ndugu yangu! Msikejeli taaluma! Na kwa mujibu wa tathmini, ambayo tulijifanyia wenyewe ili kuepuka upendeleo, mradi huu umetekelezwa kwa asilimia mia moja na nne. Hiyo nne ni jitihada zangu binafsi.

Sasa mtauliza, kama tuliharakisha hivyo, mbona tumechelewa? Dibaji, ndugu zangu! Dibaji! Kitabu cha heshima hakitoki uchi mbele za watu. Kinavaa dibaji ya Mkuu wa Wilaya, juu yake pongezi za Mwenyekiti wa Baraza, juu yake neno la faraja kutoka Zimamoto, kila moja na picha ya mwenyewe akiwa na tai na uso wa kutazama mbali. Zilifika dibaji thelathini na moja, na hapo moto ukawaka: ya nani itangulie? Tukipanga kwa cheo, wazee wananuna. Tukipanga kwa umri, wenye vyeo wanaugua ghafla. Mwenyekiti wa Ushirika na Kamanda wa Zimamoto wamezaliwa mwaka mmoja, mwezi mmoja, kijiji kimoja, na walifikia hatua ya kumtafuta mkunga aseme nani alilia kwanza. (Kamanda wa Zimamoto: "Mimi!" Mwenyekiti wa Ushirika: "Uongo mtupu!") Mimi ndiye niliyeokoa taifa. Nilipendekeza kitabu cha duara, kisicho na mwanzo wala mwisho, ili kila dibaji iwe ya kwanza kutegemea msomaji amekishika wapi. Mchapishaji aliponisikia aliomba kukaa chini, akanywa maji, na tangu siku ile hajapokea simu, nadhani bado anastaajabu.

(Bi Maeng: "Na insha je?")

Nafika huko, mama.

(Bi Maeng: "Mimi nina themanini na sita. Fika upesi.")

Lakini kabla sijafika huko, niseme jambo ambalo kwalo ningependa kukumbukwa hata kama mtasahau dibaji yangu, nalo ni uadilifu. Mtumishi wa umma hapokei zawadi. Hapokei! Na leo nitatoa ushuhuda, Profesa anisamehe kwa kumtaja hadharani, nia ni kuelimisha umma. Kila sikukuu ya mavuno ikikaribia, wakati kila mtu yuko barabarani amebeba zawadi, nyama, au mapea, au masanduku ya uyoga, Profesa wetu alikuwa anakuja ofisini amekumbatia furushi la kitambaa cha zambarau, limefungwa fundo zuri juu, zito kiasi kwamba anatembea kwa kuinama. Anaingia, analiweka mezani kwa mikono miwili, anasema: "Ni vitu duni tu, havina maana yoyote, lakini naomba mvipokee." Ndugu zangu! Nani katika nchi hii hayajui maneno hayo? Tangu nizaliwe, maneno hayo hayajawahi kufuatiwa na kitu chochote isipokuwa mbavu za ng'ombe!

(Kicheko kikubwa. Wazee wanagongana mabega.)

Tukakataa! Akarudi kabla ya mwaka mpya, tukakataa! Akarudi mavuno yaliyofuata! Ikafika mahali Katibu wangu Tak, yule pale, akimwona tu dirishani anapiga kelele "Mbavu!" na sisi sote tunazima taa tunaingia chini ya meza. Ofisi nzima, ndugu zangu, chini ya meza, magoti kwa magoti, kwa ajili ya taifa! Tunamsikia anabisha hodi, anangoja, anabisha tena kidogo, anaondoka taratibu. Machozi yalinitoka kwa jinsi nilivyojivunia watu wangu. Na ndiyo maana ukutani kwetu leo ipo tuzo ya uadilifu...

(Makofi yanaanza, kisha yanakatika. Bi Maeng amesimama.

"We Pyo," anasema. "Zile zilikuwa insha zake."

Vichwa vyote vinageukia jukwaa.

"Insha, mwanangu. Zote. Alizikusanya mwenyewe, akazinakili upya kwa mkono, akawaletea, na ninyi mmejibanza chini ya meza kama watoto walioiba mayai. Ulitaka aseme nini? 'Pokeeni, hii ni kazi bora kuliko zote'? Mtu gani anajisemea hivyo?"

Sauti kutoka nyuma: "Mkurugenzi Pyo!"

Kicheko kinalipuka. Mama Mlezi wa Kwaya anajifuta macho kwa utepe wa shada.)

Utulivu, tafadhali. Utulivu. Naomba... Katibu Tak, ulisema mbavu. (Katibu Tak: "Nilisema kwa umbo, bosi.") Ulisema mbavu kwa miaka sita! Profesa, samahani, hebu... ni kweli? Na wewe mbona hukusema?

(Profesa Ok, bila kipaza sauti, watu wanainama kumsikia: "Si neno, Mkurugenzi. Nilidhani mlishazisoma majaridani, mkaona hazifai, na mnaona haya kuniambia." Bi Maeng: "Mwaka jana hakuandika hata mstari. Alikuwa anakaa tu anatazama ukuta. Nilikuchukia, Pyo, nakuambia ukweli. Nilikuchukia mpaka nikaona aibu.")

Mama, mimi... Hotuba yangu hapa inasema "pumzika, ngoja makofi." Nitapumzika bila makofi.

Furushi liko wapi?

(Bi Maeng: "Chini ya kiti chake. Hata leo kaja nalo.")

Lileteni mbele! Hapana, ngoja, Katibu ananivuta koti, anasema kupokea kitu kilichofungwa kwa kitambaa mbele ya mwanahabari ni lazima kwanza tupate ushauri wa kitengo cha... Nani analifungua? Ndugu Kamanda, nani amekuruhusu kufungua? Ndugu zangu, makaratasi yasigawanywe kabla ya itifaki! Mwenyekiti wa Ushirika, mpe Kamanda nafasi, nyote mtapata, ziko nyingi! Jamani, wa nyuma msikanyage maua!

(Karatasi zinapita mkono kwa mkono, mstari kwa mstari. Miwani inatolewa mifukoni. Mtu anacheka peke yake karibu na mlango. Mwingine anamwambia jirani yake: "Subiri, subiri, sikiliza hii." Profesa Ok amegeuka kwenye kiti, anawatazama wote, mdomo wazi.)

Naona ratiba inanitaka nihitimishe kwa shamrashamra. Haya. Nikisema "Fikra," ninyi mseme "Juu!" Fikra!

(Wote wanasoma.)

Nikisema "Geumok," mseme "Mbele!" Geumok! ... Ndugu Hwang, hata wewe? Nikisema "Kitabu," mseme "Kimetoka!" Kitabu!

(Bi Maeng: "Bado!")

Basi nitoe shukrani, maana shukrani hazihitaji mwitikio. Namshukuru Mkuu wa Wilaya kwa dibaji, na wenzake thelathini kwa dibaji. Namshukuru mchapishaji popote alipojificha. Nawashukuru wanakamati kwa uvumilivu wao kule Jeju. Nawashukuru ninyi nyote kwa kuacha shughuli zenu mkaja kushuhudia uzinduzi wa juzuu nne ambazo, kwa lugha nyepesi, hazipo, hazijawahi kuwapo, na hakuna mtu katika taasisi yangu aliyewahi kuona hata neno lake moja. Chini ya kitambaa hiki chekundu kuna mataulo. Ni ya pamba safi, yamechapwa jina la kitabu na tarehe ya leo, na kila mmoja atachukua lake akielekea kwenye supu. Profesa, hili si jambo la kusemea kwenye kipaza sauti lakini kipaza sauti ndicho nilichonacho: nimekukosea, na naona aibu mpaka masikioni.

(Hakuna anayekwenda kwenye supu. Bi Maeng anapanda jukwaani akishikilia ukingo wa meza, anamwekea Mkurugenzi karatasi moja juu ya hotuba yake. "Soma," anasema. "Kwa sauti. Mimi sikio moja halifanyi kazi." Mkurugenzi Pyo anavua glavu nyeupe.)

Mwandiko mzuri huu. "Kila vuli watu wa Geumok huacha matunda machache ya persimoni kileleni mwa mti. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza mama kwa nini. Akasema, ni ya ndege, kwani theluji ikianguka watakula nini? Nikaenda kumuuliza baba. Akasema, ngazi ilikuwa fupi." (Kicheko. Profesa Ok naye anacheka, kama anaisikia kwa mara ya kwanza.) "Tangu siku hiyo, kila ninapomsikia kiongozi akijisifu kwa ukarimu wake, huwa nachungulia ngazi." (Kicheko kikubwa. Mkurugenzi anakohoa, anaendelea.) "Nimeishi maisha yangu yote kati ya majibu hayo mawili. Siasa ninazozijua zote zinatoka kwa baba, na nyimbo zote kwa mama. Lakini uzeeni, baada ya kumtazama sana binadamu na mti wake, nimeanza kuamini kwamba wote wawili walinificha jambo moja, nalo ni..."

Nalo ni. Nalo ni nini?

(Anageuza karatasi. Nyuma ni nyeupe.)

Jamani, asanteni sana kwa kunisikiliza. Ukurasa unaofuata uko kwa nani?