Lumeko Imeshuka Bei

Jumatatu, 17 Februari

Mke wangu Zuwena ametoa hukumu. Kabla ya chai! Chumba cha mbele anakitaka. Anasema Ramadhani iko mlangoni, watu wameanza kumwagiza visheti vya vunja jungu, naye hawezi kukaanga uani jua likimpiga kisogoni wakati chumba kizima kimekaliwa na kompyuta zisizotazamwa hata na paka.

Tumeafikiana. Nikiuza moja kabla ya swala ya Ijumaa, chumba ni changu. Nisipouza, karai linaingia.

Moja tu! Mtu aliyefundisha uchumi mpaka akastaafu ashindwe kuuza kompyuta moja?

Nieleze hali ilivyo, ili nitakapoisoma siku ya ushindi nikumbuke nilikotoka. Kompyuta yenyewe ni bati na plastiki. Kinachoifanya isikie na kutenda ni mfumo endeshi, kama basi na dereva wake. Hizi zangu zina mfumo uitwao Lumeko. Nilizichukua kwa Ayubu wa Muheza, aliyekuwa akiuza machungwa kabla ya kuingia katika teknolojia. Watu hawaipendi Lumeko. Wanasema imehamisha kila kitu mahali pake, haielewani na printa, na kila ukibonyeza inakuuliza kama una uhakika. Malalamiko madogo madogo. Tiba yake iko katika kitabu chochote cha uchumi: bei ikishuka, wanunuzi huongezeka. Hiyo ni kanuni. Kanuni haiulizi nani anapenda nini.

Ng'ambo ya barabara yupo Manase, kijana wa Lushoto. Anauza kompyuta zenye mfumo ule ule wa siku zote. Tena kuukuu! Nyingine herufi zimefutika. Hapunguzi hata senti, na duka limejaa. Kila asubuhi anavuka barabara kuja kuniamkia shikamoo, kichwa ameinamisha. Dharau iliyovishwa kanzu.

Jumanne, 18 Februari

Nimeshusha bei kwa robo. Bango nimeliandika mwenyewe, hati ya ubaoni, wino mwekundu.

Watu wamejaa! Kufikia saa nne baraza yangu haina pa kuweka mguu. Mzee Rama, ambaye tangu aache kazi bandarini kazi yake ni kunywa kahawa, amelisoma bango kwa sauti, kisha akaniuliza kama hiyo ndiyo bei ya mwisho. Nikajibu kwa ukweli wa mwalimu kwamba hiyo ni bei ya leo. Wakatazamana. Wakaagiza kahawa nyingine.

Hawajanunua. Lakini wamekuja. Kanuni imeanza kupasha misuli.

Jumatano, 19 Februari

Nimeshusha mpaka nusu. Nusu!

Watu mara mbili ya jana. Muuza kahawa amehamishia jiko lake kwangu moja kwa moja na amenishukuru kwa kumfungulia riziki. Manase ametoa benchi dukani kwake akaja kuwawekea wazee wakae. Nani alimwomba?

Mpaka adhuhuri hakuna aliyetia mkono mfukoni isipokuwa kwa kahawa na kashata. Nikamvuta Mzee Rama pembeni. Akanifafanulia kwa upole, kama anaongea na mgeni. Samaki changu wa asubuhi ana bei yake, akasema, na changu wa alasiri ana bei yake, na mtu wa Tanga mwenye akili timamu hanunui samaki huku muuzaji anaendelea kupunguza. Kisha akaomba nimnong'oneze bei ya Alhamisi, kwani ana arusi Tongoni na asingependa impite.

Nikamwambia kompyuta haiozi. Akaniuliza kama haiozi, mbona naikimbiza?

Mwenzake akadakia kwamba labda zimeingia maji ya chumvi. Mwingine akasema la, zina mwenyewe, na mwenyewe anazitafuta. Wakacheka mpaka vikombe vikalia. Nimewaeleza nadharia ya mahitaji tangu mwanzo. Walisikiliza vizuri. Mmoja alisinzia.

Zuwena amepita na beseni la unga. Amelipima dirisha la chumba cha mbele kwa macho. Anatafuta pa kutolea moshi!

Alhamisi, 20 Februari

Mteja! Mteja wa kweli!

Shadya, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala pale kona. Barua za maombi, kadi za arusi, michango ya misiba, zote hupita mikononi mwake. Amekuja na flashi yake, akasema mashine yake imechoka, ajaribu hii.

Akachomeka. Lumeko ikamuuliza kama ana uhakika. Akasema anao. Ikamuuliza tena. Akabonyeza. Ikamuuliza kwa maneno mengine. Shadya akasema hata shekhe siku ya ndoa yake hakumuuliza mara nyingi namna hii, na lile lilikuwa jambo la maisha. Baraza nzima ikaangua kicheko. Mimi nikamweleza kuwa huo ni uangalifu.

Alipofika katikati ya barua ya mtu, Lumeko ikaamua kujiboresha. Hivyo ndivyo ifanyavyo: hufunga kila kitu, huzungusha kiduara, na huomba subira. Tukasubiri. Nikautumia muda huo kumweleza tofauti ya bei na thamani. Mwenye barua akaja, akakuta barua imezama ndani ya kiduara, akavuka barabara kwenda kwa Manase.

Nikaona mteja ananiponyoka. Nikashusha bei papo hapo. Nikashusha tena. Shadya akasimama, akajitanda mtandio, akaniambia kwa heshima zote: Mwalimu, si bei inayoniumiza. Hata unipe bure, kazi za watu nitakwenda kuzichapia kwa Manase.

Alisema mengi. Mimi nimeshika neno moja. Bure!

Ijumaa, 21 Februari

Mpango umekamilika. Nitampa kompyuta Ustadh Mselem, mwenye chuo cha Kurani nyuma yetu. Bei: dua moja. Dua ni malipo, tena malipo yasiyoshuka thamani, kwa hiyo haya ni mauzo halali na Zuwena hatakuwa na la kusema. Ustadh akiitumia, wazazi wote wataiona. Wakiiona, wataitaka.

Saa mbili asubuhi nimempelekea. Ameipokea kwa mikono miwili. Ameomba dua ndefu, kaitikia hadi mpita njia. Nimerudi nyumbani nikamtangazia Zuwena kwamba nimeuza. Akauliza kwa kiasi gani. Nikasema kwa kiasi kisichohesabika. Akaendelea kukanda.

Saa tano Ustadh amekuja mwenyewe, kompyuta kaifunika kitambaa cheupe. Sasa, sisi watu wa pwani tuna ada yetu. Jirani akikuletea kitu katika sahani, sahani hairudi tupu. Nimefunua kitambaa. Nimefungua kompyuta. Tende! Zimepangwa safu juu ya herufi zote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Amesema adabu haikumruhusu kuirudisha mikono mitupu. Ameishukuru zawadi. Lakini alipoandika Bismillahi, mashine ilimuuliza kama ana uhakika, na yeye katika hilo hakubali kuulizwa.

Zuwena ameokota tende moja kwenye herufi. Akasema tamu.

Nilipotoka msikitini, karai lilikuwa limeshaingia.

Jumamosi, 22 Februari

Aibu. Kompyuta zangu zimepangwa ukutani kama matofali, zimetandikwa kitambaa cha maua, na juu yake zimekaa sinia za visheti. Zuwena anasema hajapata meza imara kama hii.

Nimesoma bei yake nikashtuka. Juu kuliko ya mtu yeyote mtaani! Nikamtahadharisha, mke ni mke, kwamba kwa mujibu wa nadharia hatauza. Akaniambia nisogee, namzibia wateja.

Vimekwisha kabla ya adhuhuri. Mzee Rama, huyu huyu anayengojea bei yangu tangu Jumanne, kanunua kilo mbili bila kuuliza. Nikamkabili. Kwa nini hakungoja alasiri? Akasema vingekwisha. Akaongeza, kinywa kimejaa, kwamba kizuri chajiuza.

Methali si takwimu.

Jumapili, 23 Februari

Nimelala na wazo, nimeamka nalo. Bakhshishi! Kila anunuaye kilo ya visheti apate na kompyuta juu yake, bure. Bango jipya, wino wa kijani.

Mteja wa kwanza, mama mmoja wa Chumbageni, alisoma bango, akamuuliza Zuwena taratibu kama inawezekana kupata visheti peke yake. Wa pili akauliza aongeze kiasi gani ili asipewe kompyuta. Aongeze! Zuwena akaniangalia. Akashusha bango akalitumia kufungia visheti.

Mzee Rama amechukua kompyuta moja. Moyo wangu uliruka! Nikamfuata kwa macho. Kaiweka chini ya jiko la muuza kahawa, upande wenye mguu uliokatika. Jiko sasa halitikisiki.

Alasiri Manase kaja. Shikamoo. Marahaba. Akasema ana ombi, nisimkasirikie. Kompyuta zenyewe nzuri, akasema, bati zuri, ubaya ni huo mfumo tu. Nikimruhusu ataung'oa, ataweka ule ambao watu wameuzoea, na zitauzika kwa bei yake kamili, bila kupunguza. Hatanitoza kitu, kwa kuwa nilimfundisha kaka yake mkubwa. Na Mama, akasema, abaki na chumba, yeye ataziuza dukani kwake kwa niaba yangu.

Zuwena akasema, Baba Najat, kubali.

Nimemweleza Manase, kwa utulivu, kwamba hilo lingekuwa kukiri kuwa watu wanachagua kitu kwa uzuri wake. Kizazi kizima nimekifundisha vingine. Kaondoka na visheti. Kavilipia bei kamili.

Jumatatu, 24 Februari

Ayubu amepiga simu kutoka Muheza. Ana shehena nyingine ya Lumeko, hakuna anayeitaka, si Muheza, si Korogwe. Akaniuliza kama nitaichukua.

Nikacheka. Nikamwambia mimi si mtoto, yaliyonipata yamenifunza. Akapunguza bei. Nikasema hapana. Akapunguza mpaka nusu. Nikamwambia hizo kompyuta hata kwa dua hazitoki, namjua Ustadh aliyerudisha moja. Akapunguza tena.

Nikatafuta kalamu.

Akapunguza tena!

Kwa bei ile, mtu mwenye akili timamu angekataaje? Nimezichukua zote. Gari linakuja kesho asubuhi. Pa kuziweka papo: uani, pale alipokuwa akikaangia Zuwena, sasa pako wazi. Sijamwambia.

Wacha Mzee Rama aseme atakalo. Wacha Manase na adabu zake. Mtaa mzima unashikilia kwamba bei ya chini haiwezi kuuza Lumeko, na mimi leo, kwa masikio yangu mwenyewe, nimeisikia ikiuza.