Netofa Inaomba Liwali Akale Kwingine

Kwa Mtukufu Artamitra, Liwali wa Mfalme katika jimbo la Ng'ambo ya Mto, ambaye sisi Wayahudi kwa ulimi wetu tunamwita ahashdarpani,

Amani nyingi kwako, kwa watoto wako na kwa farasi wako. Sisi wa Netofa tu wazima, isipokuwa mimi, ambaye tangu mjumbe wako apite silali.

Naitwa Hashubu bin Pelatya, mkuu wa wazee wa kijiji. Mjumbe alitangaza, bila hata kushuka kwenye farasi, kwamba unakagua jimbo na kwamba Netofa imepewa heshima ya kukulisha. Tunashukuru mno. Tunaomba heshima hiyo apewe mwingine, kwa sababu hizi:

1. Juma hilohilo namwoza binti yangu Mivtahia. Kondoo, divai na mafuta tuliyo nayo ni vya harusi, na kijiji hakina vingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hawakuwahi kumpokea liwali.

2. Huli peke yako. Unakuja na makarani, matowashi, wapiga tarumbeta, na yule bwana wa kuonja chakula kisije kikawa na sumu. Zamani za liwali aliyekutangulia, mwonjaji alimaliza kondoo mzima. Tulipomuuliza alijibu, "Msinilaumu jamani, sumu nyingine hujificha mguuni."

3. Kwa hesabu ya mjumbe utafika siku ya Sabato, na siku hiyo kwetu moto hauwashwi. Utakula dengu za baridi. Utakasirika. Na amri ya liwali aliyekasirika haina dawa.

4. Desturi yenu Waajemi ni kuamua mambo makubwa mkiwa mmelewa, kisha kuyapima tena mkiwa na akili timamu. Ni desturi nzuri, siibezi. Shida ni kwamba divai yetu ni kali na ninyi huondoka alfajiri. Liwali yule, ilipomkolea, aliamuru mbuzi wetu wasujudu kila apitapo. Kulipokucha akaenda zake bila kulipima neno lake, na amri ikabaki. Mpaka leo tunawafundisha. Beberu mmoja tu ndiye ameonyesha dalili.

5. Liwali mmoja akila harusi moja, na maliwali wametapakaa toka Bara Hindi hadi Kushi, mabinti wa ufalme wote watazeekea kwa baba zao. Watoto hawatazaliwa, walipa kodi watakwisha, na ninyi watukufu mtabaki kuwatawala mbuzi, ambao nimekwisha kukueleza tabia zao.

Mtukufu, sasa nasema kwa uchungu. Mivtahia ni mwanangu wa pekee. Amengoja posa muda mrefu kwa ajili ya unyonge wangu, na hii ikiharibika sidhani itakuja nyingine. Mama yake naye amenionya: "Baba Mivtahia, huyo liwali wako akigusa kondoo wangu, hama kabisa ukalale kwake."

Kwa hiyo twakuelekeza Bethhakeremu, kijiji jirani. Watu wa kule wanajisifu kwa utajiri kila siku ya soko. Waonyeshe.

Wasalimie wake zako nyumbani, makarani, matowashi, na yeyote anayetukumbuka.

Mtumishi wako mtiifu,
Hashubu bin Pelatya

Nyongeza: Nilikuwa natia muhuri alipoingia Gemaria, baba wa bwana harusi, anahema. Amesikia nakufukuza. Kasema mbele ya mke wangu: "Mkwe, una wazimu? Ulidhani nimefuata kondoo wako hawa waliokonda? Nimetangaza mpaka Yerusalemu kwamba mwanangu anaoa mbele ya liwali! Liwali asipokuja, na sisi hatuji."

Mafunjo ya kuandikia ni shida kupatikana huku, kwa hiyo sitaandika barua nyingine. Naomba uanze kusoma hapa. Njoo, Mtukufu. Njoo na kila mtu wako. Tutapika kila kitu kabla Sabato haijaingia, na Bethhakeremu usipite hata kuomba maji. Ukichelewa, harusi itakungoja.

Mke wangu anauliza, nyama unapenda yenye mafuta au isiyo na mafuta?